Kijivu cha Mama Mapambo

Ukitaka kumkasirisha Mama Mapambo, mwambie rangi ni rangi tu. Niliwahi kumsikia katibu wa kamati moja ya harusi akimwambia hivyo pale barazani kwake Mabatini, mtu mzima mwenye tai na mkoba, nikamhurumia kabla mama hajafungua mdomo. Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na vitambaa viwili, kimoja chekundu na kingine cha bluu iliyopauka. Akamfunika katibu mabegani kwa kile chekundu, akamwambia atueleze mipango ya ukumbi. Katibu akaanza kueleza, mikono ikienda huku na huku. Mama akakivua, akamfunika kile cha bluu, akasema, "Endelea." Ndugu zangu, sijui kama ni kitambaa au ni aibu ya kukalishwa kama mtoto anayenyolewa, lakini sauti ya yule bwana ilishuka.

"Umejisikia?" mama akamuuliza.

"Nimejisikia."

"Basi usirudie tena."

Mimi ni mshereheshaji. Wenzangu wana majembe na nyavu, mimi nina mdomo. Harusi, sendofu, kipaimara, watu wakikusanyika na kuna kipaza sauti, nipo. Mama Mapambo alikuwa mpambaji, na kwa miaka mingi tulifanya kazi kwenye kumbi zilezile za Mwanza, yeye akipamba mchana, mimi nikipayuka jioni. Vitambaa vya ukutani, vifuniko vya viti, maua, taa, meza ya maharusi, vyote vilitoka kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yake. Humo alivipanga kwenye rafu kwa koo: vyekundu na binamu zao upande huu, vya njano na wajukuu wao upande ule. Sitaeleza alizaliwa wapi na nani, maana mwenyewe hakupenda maswali hayo. Alikuwa akisema mtu huanzia pale alipoanza kufanya kazi, kabla ya hapo alikuwa analelewa tu.

Elimu yake ya rangi aliifundishia uani, kwenye mabeseni. Vitambaa vingine alivitia rangi mwenyewe, kwa rangi ya unga, maji ya moto na chumvi, na ukimkuta kwenye kazi hiyo hukuondoka bila somo. Aliniambia kwamba rangi zenye wazazi ni nyingi, lakini zisizo na wazazi ni tatu tu: nyekundu, njano na bluu. Hizo hakuna aliyezizaa. Njano akioana na bluu anazaliwa kijani, nyekundu na njano wanamzaa chungwa, nyekundu na bluu wanamzaa zambarau. "Na mtoto asikudanganye," alisema akikoroga kwa mwiko. "Mwangalie kijani yeyote vizuri, utajua kama amefuata kwa baba au kwa mama."

Kisha kulikuwa na rangi alizoziita zinazotazamana. Nyekundu humtazama kijani, bluu humtazama chungwa, njano humtazama zambarau. Alisema ni kama mtu na wifi yake. Wakae karibu, kila mmoja ajipambe kwa sababu ya mwenzake, na wote wawili watang'aa. Lakini usiwatie kwenye beseni moja. Nilimwona siku moja akimwaga kijani kwenye nyekundu ili tu nione, na kilichotoka kilikuwa maji ya mto Mirongo siku ya mvua.

"Umeona?" akasema. "Watazamane. Wasichanganyike."

Alikuwa pia na rangi za jikoni na rangi za ziwani. Nyekundu, chungwa na njano ni za jikoni. Zina moto, zinakusogelea. Bluu, kijani na zambarau ni za ziwani. Zina ubaridi, zinarudi nyuma. Ukumbi mdogo aliupamba kwa za ziwani ili kuta zijitenge kidogo watu wapumue. Ukumbi mkubwa wenye wageni wachache aliupamba kwa za jikoni, ili watu wasijione wamekuja kwenye sherehe iliyokimbiwa. Mwanzoni nilidhani ni maneno ya biashara. Baadaye nikaanza kuona kwamba vichekesho vyangu vinachekwa zaidi kwenye kumbi za jikoni, nikaacha kubisha.

Nyekundu aliiogopa zaidi ya zote. "Nyekundu ni pilipili," alikuwa akisema. "Inatiwa kwenye mboga. Siyo mboga." Kuna kamati ilimgomea, wakataka ukumbi mzima uwe mwekundu kwa sababu ni rangi ya mapenzi. Akawaambia watapata mapenzi na vita pamoja. Wakasisitiza, akapamba walivyotaka, kuta, meza, viti, mpaka maua. Chakula kilikwenda kwa fujo ambayo sijapata kuona, watu wakirudi mara mbili kwenye foleni. Baadaye wajomba wa bwana harusi na wajomba wa bibi harusi wakagombea nani aanze kutoa zawadi, na mjomba mmoja akanipokonya kipaza sauti mkononi. Nikageuka kumtafuta Mama Mapambo. Alikuwa kwenye mlango wa nyuma, amekunja mikono, ameridhika kabisa.

Lakini asikwambie mtu kwamba alikuwa mbishi tu. Alijua kusikiliza kuliko wengi wetu. Alikuja kwake mzee mmoja wa Kisukuma kutoka Magu, mfugaji, akimwoza binti yake wa mwisho. Kamati ilimwuliza mzee anataka rangi gani, naye akajibu, "Wekeni zote! Ng'ombe zangu nazo zina langi zote!" Wajumbe wakainamisha vichwa. Mama Mapambo hakucheka. Akamvutia kiti, akamwambia, "Baba, katika hao wote, ni yupi ukiamka asubuhi unaenda kumwona kwanza?" Mzee akaanza kusimulia habari za dume lake. Kahawia mgongoni, jeupe tumboni, na shingoni ule wekundu mzito tunaouita damu ya mzee. Alisimulia mpaka chai ikapoa. Jumamosi ile ukumbi ulikuwa na kahawia, nyeupe, na damu ya mzee kidogo tu kwenye shingo za viti. Mzee alisimama mlangoni na fimbo yake, akautazama ukumbi wote kutoka kushoto hadi kulia.

"Ni yeye," alisema, akatoa leso.

Sasa mtu kama huyo ungedhani anavaa kama kinyonga. Hata kidogo. Siku zote alivaa vitenge vya rangi ya ugoro, ule ukahawia mkavu usiopendeza wala kuchukiza, na kichwani kilemba cha ugoro uleule. Nilipomtania kwamba anafanana na gunia, alijibu kwamba ukuta haushindani na picha. Aliwacheka watu wanaosema wana rangi yao ya bahati, akawaita washirikina, lakini kila meza ya maharusi aliyoipamba alifunga uzi mmoja mwekundu chini yake, na ole wako uulize. Pinki aliidharau waziwazi. Alisema ni nyekundu iliyokosa msimamo. Siku alipougua malaria nikaingia kumjulia hali, nikakuta chandarua chake ni cha pinki, tena kina marinda. Aliniona nikikitazama.

"Ukisema popote," aliniambia kwa sauti ya homa, "nitakupambia msiba wako kwa pinki."

Msiba hakuufanyia mzaha mara nyingi. Kwenye misiba alipamba bure, kama mchango wake, wala hakuweka maua. Mama yangu alipofariki, nyumbani kwetu Kisesa, watu walijaa uani chini ya maturubai, na mimi mwenye mdomo sikuwa na neno hata moja. Mama Mapambo akaja asubuhi na mfuko. Aliwauliza dada zangu marehemu alipenda nini. Wakamwambia alipenda bustani yake ya matembele. Hakuuliza zaidi. Alirudi Mabatini, na jioni akaja na kitambaa cha kijani kilichokolea, kijani cha matembele hasa, bado kina unyevu wa beseni, akakitundika kando ya mlango wa chumba alimolazwa mama. Kilikuwa kitu pekee chenye rangi katika uwanja ule. Nilimuuliza kwa nini kijani, wakati kila mtu anajua msiba ni nyeusi na nyeupe.

"Macho yanayolia yanahitaji mahali pa kupumzikia," alisema. "Kijani hakikuiti kama nyekundu, wala hakikuachi kama bluu. Kinakaa na wewe."

Nilikaa nakitazama kile kitambaa siku zote za matanga, na ni kweli kilikaa na mimi. Baada ya kuanua matanga alikataa nikirudishe. "Kaa nacho," alisema. Nimekifanya pazia la chumba changu mpaka leo. Nampenda mama huyu kwa mengi, lakini kama ungenibana niseme moja, ningesema hilo.

Nisisahau habari ya suti, maana wengi Mwanza wananijua kwa hiyo suti kuliko kwa jina.

Nilipoanza kupata kazi kubwa kubwa, Mama Mapambo aliniambia kwamba suti yangu ya kahawia inanifanya nionekane kama mlinzi aliyeazimwa kipaza sauti. Tukaenda mitumbani, soko la Mlango Mmoja. Alichambua rundo zima, akapima kola kwa vidole, akaitoa suti moja nzuri ya kitambaa chepesi, akainyanyua juu. "Hii hapa," akasema. "Kijivu cha mawe yetu. Cha heshima, hakitagombana na mapambo yangu." Kila aliyefika Mwanza anayajua yale mawe ya milimani, na mimi nilikulia karibu nayo. Suti ile haikuwa rangi ya jiwe lolote. Ilikuwa zambarau, zambarau nyepesi, ya tunda lililomenywa. Nikamtazama muuzaji. Muuzaji akanitazama, akasema haraka, "Kijivu kabisa, mama. Kijivu hasa."

Mimi ni nani nibishane na Mama Mapambo juu ya rangi? Nilifikiri labda ana sababu yake. Nilifikiri hata labda macho yangu ndiyo mabovu. Nikaijaribu. Akanizunguka, akanyoosha bega, akasema, "Umependeza." Katika miaka yote ile alikuwa hajawahi kuniambia neno hilo. Nikaivaa Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine, na haukupita mwezi watu wakawa wananiita Bwana Zambarau. Aliposikia jina hilo aliniuliza limetoka wapi. Nikamwambia utotoni Kisesa nilikuwa mlafi wa zambarau, ulimi haukutakata. Alicheka sana. Yeye aliendelea kuiita "kile kijivu chako."

Wala sikuwa peke yangu. Mtu akishasifika kwa kuona, hakuna anayethubutu kumwambia haoni.

Dalili zilikuwepo kwa aliyetaka kuzisoma. Zamani alikuwa na utaratibu wake: kitambaa hakichagui dukani. Anakitoa mlangoni, anakitazama kwenye jua, kisha anakwenda nacho ukumbini jioni taa zikiwaka, kwa sababu kitambaa kina sura mbili kama mchumba, ya mchana na ya jioni. Miaka ya karibuni alianza kukaa mlangoni muda mrefu mno. Alikipapasa kitambaa, alikinusa. Halafu akaanzisha mtindo wa kuniuliza, "Wewe unakionaje?" kama mwalimu anayempima mwanafunzi, na mimi kwa majivuno yangu nikawa najibu, nikifurahi kwamba nimefaulu.

Kisha ikaja harusi ya binti wa katekista.

Hapa nieleze desturi yetu. Kabla ya chakula, mshereheshaji hutangaza rangi za siku. Ndugu wa bibi harusi wana sare yao, wa bwana harusi wana yao, ukumbi nao una zake, na kila upande ukitajwa unasimama, unapunga leso, vigelegele vinalia. Mama Mapambo aliithamini sana dakika ile. Majina ya rangi alinipa yeye: njano ya kiini cha yai la kienyeji, kijani cha matembele, bluu ya maji ya Nansio, kule kisiwani, saa nne asubuhi. Ukiacha ile harusi nyekundu, hakukaa kwenye sherehe hata siku moja, wala hakula chakula cha harusi, lakini dakika ile alisimama nyuma ya pazia kubwa la jukwaani na kusikiliza. Akishasikia rangi zake zimetajwa sawasawa, anachukua kikapu chake na kwenda zake nyumbani.

Familia ya katekista iliagiza bluu na nyeupe. Mimi nilichelewa siku hiyo, nikaingia wakati wageni wanaketi. Taa zikawashwa. Ukuta mzima wa mbele ulikuwa zambarau. Si zambarau ya kubembeleza kama suti yangu. Ni ile nzito ya kanisani. Na viti, ambavyo vilipaswa kuwa vyeupe, vingine vilikuwa vyeupe na vingine rangi ya maziwa, vimechanganyika safu kwa safu kama meno ya mvuta sigara. Watu walianza kunong'ona. Katekista mwenyewe alinisogelea taratibu.

"Mwanangu," akasema, "mbona kama tumerudi Kwaresima? Pasaka si tumeshakula?"

Nilimwona mkewe ameshika kitambaa cha kichwani kwa mikono miwili. Nilimwona bibi harusi anatazama ukuta. Na nilijua kwamba harusi moja ya aibu inatosha kummaliza mpambaji mji huu. Nikafanya ninachokijua. Nikashika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana! Najua mlitegemea bluu! Bluu mmeiona kwenye harusi ngapi? Mpambaji wetu amemtazama binti huyu, akasema bluu haimtoshi. Amemtundikia zambarau, rangi ya wafalme! Maana leo binti wa katekista anaolewa kama malkia! Zambarau na nyeupe, hoyeee!"

Wakaitikia. Vigelegele vikapasuka upande wa akina mama, mke wa katekista akacheka huku analia, na katekista akanipa mkono mbele ya watu wote. Nilijiona mwanamume kweli. Ndipo nikakumbuka nani amesimama nyuma ya pazia.

Sikuliangalia pazia. Kwa pembe ya jicho niliona likiyumba kidogo, halafu likatulia.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kumsaidia kushusha mapambo, kazi ambayo sikuwa na desturi ya kuifanya. Nilimkuta mlangoni pa ukumbi, amesimama kwenye jua, amekumbatia kile kitambaa kikubwa.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Jana umesema zambarau," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa unatania?"

"Hapana, mama."

"Nilitundika bluu." Alikisogeza kitambaa karibu na uso, akakigeuza, akakisogeza tena. "Na viti?"

Nikamwambia kuhusu viti. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kisha akauliza kama kuna kingine. Nilifikiria suti iliyotundikwa kabatini kwangu, nikasema hakuna. Akakunja kitambaa pembe kwa pembe, vizuri kama kawaida, na niliona mikono yake haihitaji macho kwa kazi hiyo. Nilitamani angenifokea.

Baada ya hapo alikataa kazi. Waliokuja aliwaambia anapumzika. Ukimtazama machoni sasa, ukijua cha kutafuta, uliona ukungu katikati ya mboni, na kila mtu wa huku anajua jina la kitu hicho: mtoto wa jicho. Kila mtu anajua pia kwamba hospitali wanakitoa. Nilimwambia, jirani zake walimwambia, mchungaji wake alimwambia. Lakini kaka yake kule Nansio alikuwa na macho kama hayo, akayakabidhi kwa mganga aliyeyachokoa kwa sindano, akatoka pale hajui mchana wala usiku mpaka alipokufa. Kila nilipotaja daktari, yeye aliona ile sindano.

"Sasa hivi naona nusu," aliniambia. "Nusu ni mali. Nikiipoteza hiyo nusu, utanipa ya kwako?"

Nilijua maneno yangu hayatafika popote. Mshereheshaji ndiye mtu wa kwanza kujua neno linapogonga ukuta. Lakini niliogopa. Mama yule bila rangi ningemwita nani? Chumba chake cha nyuma kilibaki kimefungwa, na alikaa barazani siku nzima kwenye ugoro wake, akisikiliza barabara.

Siku moja nikalishusha pazia langu, nikalikunja, nikaenda nalo. Nilimsalimu, akaitikia. Nikaliweka mapajani pake.

"Hiki cha ugoro umekitoa wapi?" akauliza.

"Kiangalie, mama."

Alikinyanyua. Akasimama, akakipeleka kwenye jua kama zamani, akakigeuza huku na huku. "Ugoro mzuri," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaka kunifurahisha. Kisha vidole vyake vikafika kwenye upindo. Pindo za vitambaa vyake alizishona mwenyewe kwa uzi mara mbili, na kila pembe alifunga fundo dogo lisiloonekana, na mimi alikuwa amenipa kitambaa kimoja tu. Vidole vikafuata uzi mpaka kwenye pembe, vikalikuta fundo, vikasimama.

"Hiki ni cha mama yako."

"Ndiyo, mama."

"Cha matembele."

"Ndiyo, mama."

Alikaa chini. Alikishika usoni, si kwa kulia, kwa kunusa, kana kwamba kijani kingeweza kumjia kwa njia hiyo. Nilitazama pembeni. Mwishowe akasema, "Mimi nimempita mama yako hivi hivi, sikumtambua." Halafu akanirudishia kitambaa, akajifunga kilemba upya.

"Kesho utanipeleka hospitali," alisema. "Na usiongee njiani."

Sikuongea njiani. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Walimtengeneza jicho moja kwanza, na baada ya muda la pili. Kila nilipokwenda kumwona alikuwa amefungwa bandeji au amevaa miwani myeusi ya kumkinga na mwanga, nami nilikwenda nimevaa fulana, suti nikaiacha kabatini. Kisha mdogo wake akaja kumchukua, wakavuka kwenda Nansio akapumzike huko. Sikujua anaona nini. Kwenye simu alisema tu, "Naendelea," na akabadilisha mazungumzo, akiuliza kumbi, nani anapamba siku hizi, na kama wameanza kuweka dhahabu kila mahali.

Juzijuzi akapiga simu kwamba anarudi kwa meli ya asubuhi. Mchana huo nilikuwa na harusi. Nilisimama mbele ya kabati muda mrefu. Nilikuwa na shati jeupe, nilikuwa na ile kahawia ya mlinzi. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama wa bwana harusi. Nikavaa suti yangu, nikaenda gatini.

Abiria walishuka na mananasi, magodoro, kuku. Yeye alishuka karibu mwisho, ameshikwa mkono na mdogo wake, bado ana miwani myeusi. Hakuniona. Alipofika chini alimwambia mdogo wake asubiri, akageukia ziwa, akavua miwani. Ilikuwa karibu saa nne, jua limeshapanda, maji yametulia mpaka kwenye yale mawe ya ng'ambo. Nilisogea nikasimama nyuma yake.

"Hivi," alisema, bila kugeuka, sijui alimwambia nani, "lilikuwa hivi siku zote? Na nyinyi mlikuwa mnaliona mnanyamaza?"

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, wewe mwenye mdo—" Aligeuka, akakatisha. Alinitazama kuanzia viatu hadi kola, akarudi tena chini. Alikunja uso kama anayesoma maandishi madogo. Akanyoosha mkono, akashika ukingo wa koti, akausugua kwa kidole gumba na cha shahada, na kidole kikakitambua kitambaa.

"Nani alikuvika hii?"

"Ni wewe, mama. Mlango Mmoja."

"Nilisema kijivu."

"Ulisema kijivu cha mawe yetu."

Kuli alipita kati yetu na godoro kichwani, tukampisha. Mama Mapambo hakuachia koti.

"Watu wakasemaje?"

"Wakaniita Bwana Zambarau."

Alifungua mdomo. Niliona likimjia lote pamoja, jina, ulafi wa utotoni, kicheko chake mwenyewe. Macho yake mapya, meupe na safi kama ya mtoto, yalijaa maji, naye alikuwa amekatazwa kuyafikicha, kwa hiyo aliyaacha yashuke.

"Na ukaivaa," alisema.

"Uliniambia nimependeza."

Alitikisa kichwa polepole. Akanipapasa kifuani, akaninyoosha kola, akarudi nyuma hatua moja kunitazama kama anavyotazama ukuta kabla ya kuutundikia kitu.

"Harusi yako saa ngapi?"

"Saa nane."

"Basi tupite nyumbani kwanza," alisema. "Nina kipande cha njano, nikushonee tai. Zambarau haiwezi kukaa peke yake namna hiyo, bila mtu wa kumtazama."